Mzazi Anapogeuka Mteja

Miaka ya 1960, Albert Hirschman, mchumi mzaliwa wa Berlin aliyewakimbia Wanazi akiwa kijana, alikwenda Nigeria kukagua miradi ya maendeleo na akakutana na kitendawili. Karanga zililimwa kaskazini, kiasi cha kilomita 1,300 kutoka bandari za Lagos na Port Harcourt. Mzigo mzito, safari ndefu: kazi ya treni hiyo, popote duniani. Lakini karanga zilikuwa zinateremka pwani kwa malori, na shirika la reli lilizidi kuoza bila mtu kushtuka.

Vitabu vya uchumi vilikuwa na jibu la mkato kwa hali kama hiyo. Mpe mteja pa kukimbilia, na mzembe atajirekebisha mwenyewe. Nigeria ilikataa kufuata vitabu. Reli ilikuwa ya serikali na hasara yake ilifidiwa na hazina, kwa hiyo mteja akiondoka haikuhisi chochote. Kilichoweza kuisumbua ni kelele za wateja waliokasirika, na wenye uwezo wa kupiga kelele zikasikika, yaani wafanyabiashara wakubwa na watu wanaojulikana maofisini, ndio waliotangulia kuhamia kwenye malori. Waliobaki kwenye reli ni wale wasiosikilizwa na mtu. Ushindani haukuiponya reli. Uliiondolea watu ambao wangeipigania.

Hirschman aliyaandika hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, na humo humo akatoka kwenye reli akaingia kwenye shule. Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kukitafuta kitabu hicho ili aelewe. Saa kumi na moja alfajiri mabasi ya manjano yanazunguka Mbezi, Tabata na Kimara yakikusanya watoto wa miaka minne na mitano ambao usingizi haujawaisha, vichwa vinagonga kioo kila basi likiingia kwenye shimo. Wanapelekwa shule ya Ingilishi midiamu ya mbali, na njiani basi linapita mbele ya geti la shule ya msingi ya serikali iliyo hatua mia mbili kutoka walikolala.

Mjadala wetu juu ya mabasi hayo huishia kwenye swali moja: shule ipi inafundisha vizuri? Ni swali halali, na mzazi anayelipa ada kubwa kwa ajili ya mtoto wake simlaumu. Lipo swali jingine ambalo halipati nafasi kwenye meza ya chai. Shule ya umma ni moja ya sehemu chache ambako mwananchi wa kawaida hukutana na wenzake wasio ndugu zake, wasio wa dini yake wala wa kipato chake, wakaamua kitu pamoja kuhusu fedha za wote. Shule hiyo ikiingizwa sokoni, uamuzi unahamia wapi?

Aliyeandika hoja ya soko kwa ufasaha kuliko wote ni Milton Friedman wa Chuo Kikuu cha Chicago, katika insha ya mwaka 1955. Alitaka serikali iache kuendesha shule, ibaki kulipa. Kila mzazi apewe vocha ya kumsomesha mtoto, mfano wa zile vocha za pembejeo walizowahi kupewa wakulima wetu, aipeleke shule yoyote inayotimiza masharti ya chini, iwe ya kanisa, ya kampuni au ya mtu binafsi. Asiyeridhika ahame. Kwa maoni yake, mzazi aliyefungwa kwenye shule ya serikali hana njia ya kueleza anachotaka isipokuwa mizunguko mirefu na mizito ya siasa. Hirschman aliisoma sentensi hiyo akashangaa. Mizunguko hiyo inayodharauliwa, alijibu kwa maneno yake, ndiyo demokrasia yenyewe: kuichimba, kuitumia na kuiboresha polepole.

Nchi ya kwanza kuifanya hoja ya Friedman kuwa mfumo wa taifa zima haikuipigia kura. Tangu mwaka 1956 Chuo Kikuu Katoliki cha Chile kilikuwa na mpango wa kupeleka wanafunzi Chicago kusomea uchumi. Jeshi la Augusto Pinochet lilipoipindua serikali ya Salvador Allende tarehe 11 Septemba 1973, wahitimu hao walipewa usukani wa uchumi, na mwaka 1981 wakafika kwenye shule. Shule za serikali zilitolewa wizarani zikapewa manispaa, wakati ambapo mameya walikuwa wateule wa utawala wa kijeshi. Walimu walipoteza hadhi ya utumishi wa umma. Shule binafsi zilizotaka kuingia kwenye mpango zikaanza kulipwa na serikali kwa kila mtoto aliyehudhuria, na anayetaka kufungua shule ili apate faida akaambiwa ruksa.

Wakati huo karibu watoto wanane kati ya kumi wa Chile walisoma shule za umma. Miaka thelathini baadaye walikuwa chini ya wanne. Si kwamba watoto wote walihamia kwenye elimu bora zaidi. Walijipanga kwa mifuko ya wazazi: wa juu kwenye shule za kulipia zote, wa kati kwenye zile zilizopokea vocha na kudai nyongeza, wa chini kwenye shule za manispaa zilizokuwa zikipungukiwa wanafunzi, na kila mwanafunzi akiondoka anaondoka na fungu lake la fedha. Tena tusimtwike Pinochet kila kitu. Ruhusa ya kudai nyongeza juu ya vocha kwa upana ilikuja mwaka 1993, chini ya serikali iliyochaguliwa na wananchi.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa soko hawakulisema mwanzoni. Shule ikishapimwa kwa matokeo na kulipwa kwa idadi ya vichwa, njia rahisi ya kung'ara ni kuwachuja wanaoingia. Shule nyingi za Chile zikaanza kuwafanyia usaili watoto wadogo, na kuwahoji wazazi wao. Kwenye soko la viatu mtu huchagua kiatu. Kwenye soko la shule, kiatu ndicho kinachochagua mguu.

Kufuli ya mlango ilikuwa ya kisheria. Sheria mama ya elimu, iliyojulikana kwa kifupi cha LOCE, ilichapishwa kwenye gazeti la serikali tarehe 10 Machi 1990. Kesho yake, tarehe 11, Pinochet alikabidhi urais. Kuibadilisha sheria hiyo kulihitaji idadi ya kura bungeni kubwa kuliko ya kawaida, idadi ambayo serikali mpya haikuwa nayo. Wananchi walirudishiwa sanduku la kura baada ya suala la shule kutolewa ndani yake.

Kwa hiyo sauti ikatafuta pa kutokea. Mwaka 2006 wanafunzi wa sekondari, waliopewa jina la pengwini kwa sababu ya koti jeusi na shati jeupe la sare zao, walizikalia shule zao na kujaza barabara kwa mamia ya maelfu, wakidai pamoja na mengine LOCE ifutwe. Ilibadilishwa mwaka 2009, kwa maafikiano ambayo wengi wao waliyaona hayana meno. Mwaka 2011 ikawa zamu ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na kauli yao ilikuwa fupi: hatutaki faida kwenye elimu. Viongozi wao, akina Camila Vallejo, Giorgio Jackson na Gabriel Boric, waliingia bungeni baada ya uchaguzi wa 2013. Mwaka 2015 serikali ya Michelle Bachelet ilipitisha sheria iliyopiga marufuku faida kwenye shule zinazopokea fedha za umma, ikakataza usaili wa kuchuja watoto, na kuanza kuondoa nyongeza za ada. Desemba 2021 Boric alichaguliwa kuwa rais akiwa na miaka 35.

Unaweza kusema basi demokrasia ilishinda. Ndiyo, kwa gharama ya robo karne na mabomu ya machozi, kurudisha kwenye mjadala kitu ambacho kilitolewa kwa saini moja.

Marekani yenyewe ilikuja kuwa na Chile yake ndogo. Kimbunga Katrina kiliipiga New Orleans mwishoni mwa Agosti 2005. Desemba mwaka huo Friedman, akiwa na miaka 93, aliandika gazetini kwamba uharibifu wa shule za mji huo ni msiba lakini pia ni nafasi. Jimbo la Louisiana lilichukua shule nyingi kutoka kwenye bodi iliyochaguliwa na wakazi, walimu na wafanyakazi zaidi ya 7,000 wakaachishwa kazi, wengi wao Weusi wa tabaka la kati la mji huo, na shule zikagawiwa kwa mashirika yanayolipwa na serikali lakini yanayojiendesha yenyewe, kila moja na bodi yake isiyopigiwa kura na mtu. Alama za mitihani zilipanda, tena si kidogo. Wanaopinga soko hawapendi kulisikia hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na hata hivyo wakazi hawakuacha kudai shule zao zirudi kwenye bodi wanayoweza kuiondoa kwa kura, na Julai 2018 zikarudishwa. Mzazi wa New Orleans aliona kwamba alama nzuri ni kitu kimoja, na kujua nani wa kumwajibisha shule ya mtaa inapofungwa ni kitu kingine.

Huku kwetu soko liliingia kwa mlango wa nyuma. Hakuna waziri wa Afrika Mashariki aliyesimama bungeni kumtaja Friedman. Tuliambiwa kuna madeni, kuna masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, na wananchi lazima wachangie gharama. Kenya iliandika hivyo kwenye sera mwaka 1988. Tanzania, iliyokuwa imetangaza elimu ya msingi kwa wote na kuifikisha karibu kila kijiji mwaka 1977, ilirudisha malipo katika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 watoto wengi wenye umri wa kwenda shule walikuwa nje ya darasa. Wenye uwezo walikuwa wakipakia masanduku ya chuma ya watoto wao kwenye mabasi ya Nairobi na Kampala. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilifungua milango kwa sekta binafsi hapa hapa nyumbani.

Kisha fedha zikaondolewa tena mlangoni. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, Kenya ikafuata Januari 2003, mara tu Mwai Kibaki alipoapishwa. Watoto zaidi ya milioni moja wa ziada wakafurika madarasani Kenya. Hapo ndipo reli ya Nigeria ilipojirudia: madarasa yalipojaa, familia zenye nafasi kidogo zikaanza kutoka, na shule binafsi zikaongezeka kwa kasi wakati ule ule elimu ya umma ilipokuwa bure.

Kwenye ufa huo ndipo ilipoingia kampuni ya Bridge International Academies. Shule yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2009 Mukuru kwa Njenga, Nairobi, kwenye mabanda yasiyo na shule ya umma ya kutosha. Ada ilitangazwa kuwa takriban dola 6 kwa mwezi, ikilipwa kwa simu. Majengo ya mabati na mbao yalifanana kila mahali. Mwalimu alipewa kishikwambi chenye somo lililoandikwa neno kwa neno na timu iliyo makao makuu, wengine wakiwa Marekani, na kazi yake ilikuwa kulisoma kama lilivyo: useme hivi, uandike hivi ubaoni, upige makofi mara mbili. Waliowekeza ni pamoja na Mark Zuckerberg, Bill Gates, Pierre Omidyar, na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi. Ndani ya miaka michache Kenya peke yake ilikuwa na shule zake zaidi ya 400.

Tuwe wakweli. Utafiti mkubwa uliofanywa Kenya na kundi la Michael Kremer, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2019, uliwafuata watoto waliopata ufadhili wa kusoma Bridge na wale waliokosa, na ukakuta waliopata walijifunza zaidi kwa kiasi kikubwa. Kishikwambi kinachomlazimisha mwalimu kuwepo darasani na kumaliza somo si mzaha mahali ambapo mwalimu anaweza kutoonekana siku nzima.

Lakini angalia njia za kulalamika. Mzazi wa Mukuru hakujua nani alimwandikia mwanawe somo la leo, na mwalimu aliyesimama mbele ya darasa hakuwa na mamlaka ya kulibadilisha. Mzazi akichelewesha ada, mtoto anarudishwa nyumbani. Hilo lilikuwa wazi kuliko yote. Wazazi na walimu waliokuwa na malalamiko kuhusu kampuni hiyo, wakisaidiwa na shirika la haki za binadamu la EACHRights la Nairobi, walilazimika mwaka 2018 kuyapeleka kwenye ofisi ya malalamiko ya IFC iliyoko Washington. Baadaye uchunguzi wa ofisi hiyo uligusa hadi ukatili wa kingono dhidi ya watoto shuleni. IFC ilijitoa kwenye uwekezaji huo mwaka 2022. Hebu pima umbali: kutoka kichochoro cha Mukuru kwa Njenga hadi Washington, kwa jambo ambalo kwenye shule ya serikali lingeanzia kwa mwenyekiti wa kamati, mtu anayekutana naye dukani.

Na serikali zilipojaribu kusema, mambo yaligeuka kesi. Uganda iliamuru shule 63 za kampuni hiyo zifungwe mwaka 2016, Waziri wa Elimu akiwa Janet Museveni, na Mahakama Kuu ikauunga mkono uamuzi huo Novemba. Katika Kaunti ya Busia, Kenya, suala la shule kumi lilifika mahakamani, na Februari 2017 jaji akakubaliana na bodi ya elimu ya kaunti. Bridge nayo iliishtaki KNUT, chama cha walimu, pamoja na katibu wake mkuu Wilson Sossion, kwa yale waliyoyasema hadharani. Mei 2016, mtafiti mmoja kutoka Kanada aliyekuwa akizichunguza shule hizo Uganda alikamatwa baada ya kampuni kutangaza gazetini kwamba anatafutwa. Polisi walimwachia kwa kukosa kosa. Nayataja haya kwa sababu moja: kampuni ina haki ya kulinda jina lake, na shule ya umma haina jina la biashara la kulinda. Mwandishi, mtafiti au diwani anayeikosoa shule ya serikali anaifanyia kazi yake. Anayeikosoa shule ya kampuni anaweza kujikuta anajibu hati ya mashtaka.

Liberia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 Waziri wa Elimu George Werner alizikabidhi shule zaidi ya 90 za msingi za serikali kwa waendeshaji wa nje, na Bridge ilipata fungu lake bila zabuni ya ushindani. Tathmini ya kwanza ilionyesha watoto walijifunza zaidi, na pia kwamba Bridge iliweka kikomo cha idadi darasani na kuondoa baadhi ya watoto waliozidi. Walikwenda wapi? Kwenye shule nyingine za serikali.

Turudi nyumbani, ambako hatuna kampuni kubwa kiasi hicho na mambo yanakwenda kimya kimya. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 uliongeza wanafunzi wa shule za msingi Tanzania kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Watu wanakumbuka madarasa. Wachache wanakumbuka kwamba ulikuwa pia mpango wa madaraka: kamati ya shule, yenye wazazi waliochaguliwa mkutanoni, ilipewa akaunti ya benki, ruzuku iliyohesabiwa kwa kila mwanafunzi, na agizo la kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo ambapo kila mtu angesoma. Baada yake zikaja sekondari za kata, nyingi na kwa haraka, watoto wa mjini wakazibatiza jina la yeboyebo, kama kandambili za plastiki. Mwaka 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia na watahiniwa takriban sita kati ya kumi wakawa wamepata sifuri, kabla matokeo hayajafutwa na kupangwa upya, kila aliyekuwa na namna alifikia uamuzi wake: mtoto wangu haendi huko.

Uamuzi huo ulilishwa na orodha. Kwa miaka mingi, kila matokeo yakitoka, magazeti, na sisi tumo, yalichapa majina ya shule kumi bora, nyingi za binafsi, na mabango yakapanda barabarani wiki ile ile. Nyuma ya bango kulikuwa na mchujo: mtoto asiyefikia wastani wa shule anakaririshwa darasa au wazazi wake wanaitwa na kuambiwa kwa upole watafute kwingine kabla ya mwaka wa mtihani. Wizara imeupiga marufuku mara kadhaa. Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, iliacha kutangaza kumi bora, ikisema haina tija zaidi ya kuzitangazia shule biashara. Nilifurahi. Mabango hayakupungua.

Mwaka jana nilikaa kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi ya serikali jijini, chini ya mwarobaini, kwenye madawati yaliyotolewa nje. Shule ina wanafunzi zaidi ya elfu mbili. Waliofika walijaa kivuli cha mti mmoja. Ajenda: taarifa ya fedha, uji, mlinzi, matundu ya vyoo, kujaza nafasi ya mjumbe wa kamati. Mwalimu mkuu alisoma tarakimu haraka haraka hadi mama mmoja muuza maandazi akanyoosha mkono.

"Mwalimu mkuu, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Mimi nauliza tu. Hiyo hela ya ruzuku inakuja kila mwezi, au inakuja ikijisikia?"

Watu walicheka, mwalimu mkuu naye akacheka, kisha akafungua daftari na kuanza kusoma upya, mwezi kwa mwezi, safari hii polepole. Ilichukua dakika ishirini. Kumbe mwezi mmoja fedha zilipungua na hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini. Mzee mmoja fundi ujenzi akasema bei ya tofali iliyoandikwa si ya mtaani kwetu, wakabishana, ikarekebishwa. Hakuna mtaalamu wa utawala bora aliyekuwepo.

Ambao hawakuwepo pia ni ofisa wa benki anayeishi nyumba ya tatu kutoka getini, mhandisi, muuguzi mkuu, na mwanasheria ambaye gari lake linazuia njia kila jioni. Watoto wao wamo kwenye basi la manjano. Hata baadhi ya walimu wa shule ile, nilivyoambiwa, wamewapeleka wa kwao kwingine. Hawa ndio wanaojua kumpigia mkurugenzi wa halmashauri simu ikapokelewa. Choo kikijaa, shule inabaki na sauti ya muuza maandazi peke yake, na ni sauti nzuri, ila inaishia kwa mtendaji.

Wala usidhani aliyehama alikwenda kupiga kelele huko alikohamia. Kikao cha wazazi cha shule ya kulipia nakijua. Mmiliki anaeleza gharama zimepanda, ada ya muhula ujao hii hapa, nauli ya basi hii, sare mpya zinauzwa ofisini. Hakuna kura. Mzazi akiuliza sana, kwenye kundi la WhatsApp au uso kwa uso, anajibiwa kwa heshima: kama haridhiki, anaweza kuhamisha mtoto. Kwa hiyo mwanasheria wetu, mtu wa kubishana mahakamani siku tano kwa wiki, kwenye jambo analolilipia kuliko yote amebakiwa na haki moja, ya kuondoka, na akishaondoka ataambiwa hivyo hivyo kwingine.

Kuna wanaotaka dawa kali. Agosti 2015 Mahakama Kuu ya Allahabad, India, iliamuru watumishi wa serikali katika jimbo la Uttar Pradesh wawapeleke watoto wao shule za msingi za serikali, ili waone wanachokisimamia. Amri haikutekelezwa. Kila mwaka hapa kwetu husikika wazo la namna hiyo kuhusu wabunge na mawaziri. Linapigiwa makofi, nami naelewa hasira yake, ila sioni mtoto anavyogeuzwa kuwa dhamana ya mwenendo wa baba yake, na najua wenye vyeo watakavyolikwepa kabla wino haujakauka.

Afadhali tuanzie kwenye madaraka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kwa waraka wa mwaka uliotangulia, wazazi wengi walielewa kwamba wamesamehewa ada pamoja na kikao. Michango ilikatazwa, na mazungumzo yaliyokuwa yakiambatana nayo yakakauka. Serikali ilibidi itoe waraka mwingine mwaka 2016 kueleza kazi ya mzazi ni ipi. Watu huenda kwenye mikutano yenye kitu cha kuamua. Kamati inayosubiri kuambiwa fundi ni nani na tofali ni bei gani haiwezi kumtoa ofisa wa benki kitandani Jumamosi asubuhi, hata kama mwanawe anasoma pale. Ikirudishiwa fedha na neno la mwisho juu ya matumizi yake, huenda hata wasio na mtoto pale wakaja, maana kodi ni yao pia.

Mkutano ule uliisha saa saba mchana. Muuza maandazi alichaguliwa mjumbe wa kamati bila kupingwa, akakubali kwa sharti kwamba taarifa ya benki ibandikwe kwenye ubao kila mwezi, si mwisho wa muhula. Mwalimu mkuu alisema hana pingamizi, lakini itabidi kwanza amuulize ofisa elimu kata.